Nchi ya Jibu la Kwanza

Namna Mwalimu Sikitu alivyofika Tulizani si jambo la kutupotezea wakati. Alifika, basi. Wapo wasimulizi wanaopenda kukuburuta kwenye milima na mito hata ukifika unakokwenda umeshasinzia. Mimi sina tabia hiyo. Jueni tu kwamba alikuwa mwalimu wa chekechea, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya kubembeleza iliyompatia sifa mpaka nchi za mbali. Baraza la Majibu la Tulizani lilisikia sifa hizo, likamwalika aje awafundishe maofisa wake jinsi ya kuwaeleza watoto wadogo kwa nini umeme hukatika.

Yeye mwenyewe aliliona ni jambo la heri. Huku kwetu umeme ukikatika mtoto huambiwa nyamaza, kalale, na anayeuliza mara ya pili huambulia kibao cha mgongo. Kumbe kuna nchi ambayo serikali nzima inakaa kitako kufikiri mtoto aambiwe nini! Alikwenda kwa furaha, na furaha hiyo ndiyo inayonitia uchungu kila ninapoikumbuka.

Mpakani hakuulizwa hati wala mzigo. Aliulizwa kama tangu alfajiri amemwambia mtoto yeyote jambo lolote kuhusu umeme. Akasema hapana, akapitishwa kwa heshima.

Alipangiwa kukaa kwa Bi Mize, mjane aliyekuwa akishona sare za wanafunzi katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko. Bi Mize alikuwa na mtoto mmoja tu, Kidawa, kabinti kembamba kalikoanza kung'oka meno ya mbele, hodari wa maswali na dhaifu wa kifua. Kifua kikimbana, pumzi yake ilitoka kwa mluzi, mbavu zikabonyea ndani, na mama yake akamkalisha kitandani na kumvisha barakoa ya mashine ya mvuke. Mashine yenyewe ilikuwa kisanduku cheupe kilichochomekwa ukutani, kinachogeuza dawa kuwa mvuke, na kikifanya kazi kilikoroma. Kidawa alikiita Paka. Alikuwa akikipapasa mgongoni huku akivuta dawa, na baada ya muda mluzi ulikoma, mbavu zikatulia, na maswali yakaanza upya. Sikitu alimpenda tangu siku aliyoweka begi lake chini. Mtoto naye alimwita Bibi bila kufundishwa na mtu.

Asubuhi yake alipelekwa Barazani. Lilikuwa jengo kubwa kuliko hospitali na shule zote za mji zikiwekwa pamoja. Ndani yake mlikuwa na Idara ya Majibu ya Mvua, Idara ya Majibu ya Vyakula Vilivyoadimika, na iliyotia fora kwa ukubwa ilikuwa Idara ya Majibu ya Giza, yenye ghorofa yake peke yake. Sikitu aliuliza idara ya umeme wenyewe iko wapi. Wakamwonyesha kupitia dirishani kibanda cha mabati karibu na vyoo, anakokaa fundi mmoja. Zamani walikuwepo mafundi wengi, wakamweleza, lakini wengine wote walipandishwa vyeo wakawa watoa majibu, kwa kuwa ilionekana wazi kwamba mtoto aliyepewa jibu hunyamaza papo hapo, ilhali nguzo iliyopewa fundi huchukua siku nzima na pengine isisimame.

Aliyempokea alikuwa Bwana Makungu, Mtoa Majibu Mkuu, mzee mpole, msafi, mwenye mikono laini na mazungumzo ya taratibu. Huyu ndiye aliyemfafanulia Sheria ya Jibu la Kwanza. Umeme ukikatika, jibu la kwanza atakalopewa mtoto yeyote na mtu mzima yeyote ndilo linakuwa sababu ya giza lile, na giza haliondoki mpaka jibu hilo litimie. Kila mtaa una msikilizi wake. Umeme ukienda, msikilizi huzunguka madirishani, akisikia mtoto anajibiwa hupuliza filimbi, na filimbi ikishapulizwa hakuna jibu jingine linaloruhusiwa. Ndiyo maana watu wa Tulizani, taa zikizimika, hufumba midomo na kuwaziba watoto masikio hadi afike ofisa mwenye jibu lililoandaliwa.

Sikitu aliuliza chanzo cha sheria hiyo. Makungu akasema kwamba hapo zamani kila mzazi alijibu lake. Huyu alisema ni mvua, yule akasema ni nguzo, wa tatu akamlaumu waziri. Watoto wakakutana shuleni, wakalinganisha, na jioni ile hakuna mtoto hata mmoja aliyemwamkia mkubwa. Nchi nzima ikaingia aibu. Ndipo wakubwa wakakata shauri kwamba katika Tulizani mtu mzima hataonekana mwongo mbele ya mtoto tena.

Mwalimu wetu, kwa upole wote, akasema pengine wakubwa wangefundishwa kusema kweli. Makungu hakukasirika. Alisema hoja hiyo ilijadiliwa sana na haikupita, kwa sababu ukweli una tabia ya kumfanya mtoto aulize swali la pili. Njia nyepesi ilikuwa kuufanya ukweli ulifuate jibu.

Basi akasimuliwa mambo, na nisikufiche, alicheka mpaka machozi yakamtoka. Katika mtaa wa wachinjaji mzee mmoja aliyechoka alimwambia mjukuu wake kwamba umeme umeliwa na mbuzi. Mbuzi akatafutwa, akapatikana, akawekewa askari, na Baraza likagawanyika kati ya wanaotaka achinjwe na wanaotaka asubiriwe mpaka alichokula kitoke chenyewe. Wakamsubiri. Mbuzi alipozaa, taa ziliwashwa, na mwanambuzi akapewa cheo. Katika mji wa jirani mama mmoja alisema Umeme amekwenda kuoa, na hadi siku hiyo mji ule ulikuwa gizani, kwa maana wazee wa posa walikuwa bado hawajakubaliana bibi harusi ni nani.

Kicheko kilimkauka alipopitishwa Mtaa wa Sijui. Huko, miaka mingi nyuma, baba mmoja aliulizwa na mwanawe umeme umekwenda wapi, akajibu kama mtu yeyote muungwana angejibu, kwamba hajui. Filimbi ikalia. Baraza lilikaa vikao na vikao, halikupata njia ya kutimiza jibu hilo, kwani nani anaweza kusema kutojua kumekwisha? Nguzo za mtaa ule zilikuwa zimesimama sawasawa, nyaya zimenyooka, na chini yake watu wanapikia kuni na vijana wenye ndevu hawajawahi kuona taa ikiwaka. Yule baba alikuwa bado hai. Alikaa kibarazani kwa nyumba yake ameinamisha kichwa na majirani walipita bila kumsalimu.

Hata hivyo Sikitu aliendelea kufundisha. Aliwafundisha maofisa kuchuchumaa ili macho yao yalingane na ya mtoto, kusema polepole, kutotisha. Walikuwa wanafunzi wazuri ajabu. Alijiambia kwamba hawa ni watu wa vituko tu, hawana ubaya, na kila nchi ina kichaa chake.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, mchana, mawingu yamefunga mpaka nyumba zikawa nusu giza. Kidawa alikuwa kitandani amevaa barakoa, Paka anakoroma, Bi Mize yupo chumba cha pili na cherehani yake. Mara Paka akakata sauti. Mtoto alimtazama, akampapasa, akampiga kofi dogo mgongoni. Alipoona hafufuki, alianza kulia, na kilio kikamziba pumzi, mluzi ukapanda, midomo ikaanza kubadilika rangi. Bi Mize alikimbia akaingia, akasimama mlangoni ameziba mdomo wake kwa viganja viwili, kwa sababu ndivyo alivyolelewa. Akamtazama Sikitu kwa macho ya kumsihi asiseme.

Lakini Sikitu alikuwa mwalimu wa chekechea tangu ujana wake, na mtoto alikuwa anakosa hewa mbele yake. Alichuchumaa, akamshika mikono. "Umeme amelala, mjukuu wangu," alisema kwa ile sauti yake. "Amefanya kazi tangu asubuhi, amechoka. Tukinyamaza atalala vizuri, na akiamka, wa kwanza atakayemwendea atakuwa Paka wako."

Kidawa alimeza machozi, akauliza kwa kunong'ona kama Umeme hulala na shuka. Sikitu akasema ndiyo. Kilio kikaisha, pumzi ikashuka kidogo kidogo, na mtoto akainua kidole akakiweka midomoni kumwonya mama yake anyamaze. Nje ya dirisha, filimbi ikalia.

Kabla mvua haijakatika, mji mzima ulikuwa umekwisha pata habari. Jibu lilisifiwa. Watoa majibu walisema ni jibu tamu, jepesi, lenye adabu ndani yake. Amri ikatoka kwamba Umeme amelala na watu wanyamaze. Wahunzi wakaweka nyundo chini. Honi za magari zikafungwa vitambaa, majogoo wakachinjwa, wanafunzi wakasoma kwa midomo bila sauti. Bi Mize akafunika cherehani yake kwa blanketi, akaanza kushona kwa mkono. Sokoni watu walipatana bei kwa vidole. Kwa mgeni aliyefika siku hiyo, mji ungeonekana umefiwa.

Sikitu alingoja hadi kesho yake asubuhi, akidhani kwamba aliyelala jana leo ataamka. Hakuamka. Usiku Kidawa alikuwa amebanwa tena, na bila mashine mama yake hakuwa na la kufanya ila kumkalisha wima na kumsugua mgongo. Wakambeba hadi hospitali ya mji. Hospitali nayo ilikuwa kimya, mashine zote zimefunikwa, manesi wanatembea pekupeku. Daktari aliwaambia kwa ishara kwamba wasubiri aamke.

Ndipo Sikitu akaenda Barazani moja kwa moja, akaomba Umeme aamshwe.

Kikao kiliitishwa upesi, hilo siwanyimi haki yao. Kilifanyika kwa kunong'ona. Ofisa mmoja alitoa hoja kwamba mtu hulala usiku mmoja, kwa hiyo muda umekwisha pita. Mwingine akamrekebisha kwamba Umeme si mtu. Amefanya kazi kwa ajili ya mji mzima, na usingizi wake lazima uwe wa mji mzima. Wa tatu, kijana msomi, akauliza uchovu huo unahesabiwa tangu lini, maana kama ni tangu babu zao basi hata wajukuu wao huenda wasimwone akiamka. Wakapongezana kwa hoja hizo, wakipigiana makofi kwa ncha za vidole. Wote walimsikitikia mwalimu kwamba hakutaja siku. Angesema ataamka kesho, wakamwambia, leo taa zingekuwa zinawaka. Alisema tu akiamka.

Sikitu akasema yuko tayari kwenda kwa mtoto akakiri kwamba alisema uongo. Watu wazima wazima wale walifunika nyuso zao kana kwamba amevua nguo mbele yao.

Makungu alimshika mkono, akamtoa ukumbini, akamwinamia sikioni. "Tukimwamsha sisi, Mwalimu, watoto watajua kwamba tulikuwa tunaweza kumwamsha tangu mwanzo. Watatuuliza kwa nini hatukumwamsha. Wewe una jibu la swali hilo?"

Sikitu akashuka ngazi akaenda nyuma, kwenye kile kibanda karibu na vyoo.

Fundi Khatibu alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anabambua karanga moja moja asitoe sauti. Ukutani mbele yake palikuwa na swichi kubwa ya mji, na mpini wake umefungwa kwa kufuli. Sikitu akamwuliza kilichoharibika ni nini. Fundi hakuficha kitu. Mvua ile ilikuwa imeangusha tawi juu ya waya, naye alilitoa mchana uleule, chai yake ikiwa bado ya moto. Kilichobaki ni kuinua mpini tu. Ufunguo uko kwa Bwana Makungu, na hata ungekuwa kwake, asingeuinua.

Hapo Sikitu alipiga magoti. Mwanamke mzima, mwalimu, alipiga magoti kwenye maganda ya karanga akamweleza habari za mtoto, kifua na mashine. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, akamwambia taratibu kwamba yeye pia ana watoto, na jana amewalaza kwa kuwaambia Umeme amelala. Leo akiinua mpini, wakamwuliza nani amemwamsha, atawaambia nini? Akamkaribisha karanga. Sikitu aliushika ule mpini kwa mikono miwili akaning'inia nao mpaka kucha zikamtoka damu. Kufuli haikusogea, na fundi alimtazama kwa huruma, asimzuie.

Akarudi mtaani moyo unamuwaka. Njiani likamjia wazo ambalo, kwa nchi ile, mimi nalihesabu la akili. Kama wanasema amelala, basi na aamshwe kwa kelele! Mbele ya nyumba alichukua sufuria na mwiko, akasimama katikati ya njia, akaanza kugonga na kupaza sauti, amka, amka, jua limepanda. Madirisha yakafunguka. Watu walishika vichwa. Watoto, waliokuwa wamenyamaza tangu jana yake kwa bidii, walianza kulia machozi ya kimyakimya, na mmoja akamrushia kokwa la embe likampata shavuni. Sikitu hakujali, akazidisha. Ndipo pazia la dirisha la Bi Mize lilipovutwa, na Kidawa akatokeza uso, umesinyaa, macho makubwa.

"Bibi, nyamaza," alisema, kila neno akilitafutia pumzi. "Akiamka vibaya hatakuja kwa Paka."

Mwiko ukamwanguka. Askari walifika wakamwongoza ndani kwa adabu, wakamfuta shavu, wakafunga mlango polepole.

Tangu hapo Sikitu alirudi Barazani kila asubuhi kusikiliza kikao kikiendelea, maana hakuwa na mlango mwingine wa kugonga. Walikuwa wameunda kamati ya kuchunguza Umeme hulala ubavu gani. Aliomba wampeleke mtoto mji wa jirani, akakumbushwa kwamba huko Umeme bado hajatoka harusini. Aliomba dawa ya kumeza, akapewa, ikasaidia kwa muda, ikaisha. Kila akirudi alimkuta Kidawa amekaa wima ameegemea mto, anahesabu pumzi zake kwa midomo. Alikuwa ameacha kuuliza maswali. Hilo ndilo lililomwogopesha Sikitu kuliko mluzi.

Kikohozi kilikuwa kikali. Mwanzoni kilisikika hadi sokoni, na wapita njia walitazama dirisha kwa jicho la lawama. Bi Mize alikuwa akimwambia mwanawe akohoe tu, mama, akohoe, lakini alimwambia kwa kunong'ona, naye mtoto akiona mtu mzima ananong'ona anajua la kufanya. Kikohozi kikapungua siku hadi siku.

Mchana mmoja Sikitu alirudi kutoka kikaoni akamkuta Bi Mize chumba cha mbele, anashona kwa mkono, uso wake umechangamka kwa mara ya kwanza. Alimpa kiti, akaweka kidole midomoni.

"Leo hajakohoa kabisa," alinong'ona. "Tangu asubuhi. Nadhani kifua kinafunguka."

Sikitu alisimama, akasukuma pazia.

Niseme nini? Kidawa alikuwa amejilaza ubavu, amegeukia ukutani. Pembe ya kanga ya mama yake alikuwa ameisokomeza mdomoni, yote iliyoingia, na kiganja kimoja kimeikandamiza isitoke. Mkono wa pili ulikuwa juu ya mgongo wa Paka. Hakuna aliyesikia kitu kwa sababu yeye ndiye aliyehakikisha hakuna kitakachosikika. Mtoto mtiifu yule. Wengine wananiambia nisimulie habari hii bila hasira, nami nawaambia wanipe njia ya kufanya hivyo.

Bi Mize hakupiga ukelele. Alifungua mdomo, sauti ikakataa kutoka, amezoezwa mno. Kidawa alizikwa alasiri ileile. Watu wengi walifika, wakatembea juu ya nyayo za mbele, na waliomfahamu walimsifu kwamba hadi mwisho hakumsumbua mtu.

Sasa palizuka jambo ambalo Baraza halikulitegemea. Watoto wa mtaa walianza kuuliza Kidawa yuko wapi. Hapo hawakuthubutu kumwachia mtu jibu la kwanza. Makungu alikuja mwenyewe, amevaa nguo nyeupe, akawakusanya watoto mbele ya nyumba ya msiba, akachuchumaa ili macho yao yalingane, kama alivyofundishwa.

"Kidawa," aliwaambia, "amekwenda kumwamsha Umeme."

Filimbi ikalia. Maofisa wakatazamana kwa furaha ya watu waliopata njia walipokuwa wamekwama, kwani jibu hili lilimaliza na lile la kwanza. Amekwenda kumwamsha, basi lazima aamke, na hakuna mtu mzima aliyemwamsha! Mbio mtu akatumwa na ufunguo hadi kibandani. Fundi Khatibu aliinua mpini kwa mkono mmoja, huku wa pili una karanga.

Taa zikawaka mji mzima. Feni zikazunguka, redio zikabwata, honi zikafunguliwa vitambaa, na watoto wa Tulizani, waliokuwa wamebana sauti zao muda wote ule, walipasuka kwa shangwe wakilitaja jina la Kidawa. Walirukaruka na kukumbatiana. Katika chumba cha ndani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumzima, Paka alianza kukoroma, barakoa yake imelazwa juu ya mto, mvuke unatoka.

Sikitu alikuwa amekaa kizingitini na Bi Mize, bega kwa bega. Mtoto mmoja wa kike, jirani, aliyekuwa akicheza na Kidawa kwenye michirizi ya mvua, alijitenga na wenzake akaja akasimama mbele yao. Alimtazama Sikitu, kwa sababu Sikitu ndiye mwenye sauti nzuri.

"Bibi, sasa Kidawa atarudi lini?"

Shangwe ikakatika. Makungu, aliyekuwa anaondoka, akageuka. Msikilizi akaweka filimbi mdomoni. Mtaa mzima ulisimama kungojea, kwa kuwa kila mmoja alijua kwamba litakalosemwa sasa ndilo litakalokuwa, na wote walijua mwalimu huyu safari hii hatasahau kutaja siku. Sikitu alihisi bega la Bi Mize likikaza pembeni yake. Alimtazama, akaona macho ya yule mama yamefunguka, yanamng'ang'ania, yana tumaini ndani yake, tumaini la kweli kabisa. Akaelewa anachoombwa.

Alikumbuka shuka aliyomfunika Umeme kwa maneno yake mwenyewe, na ile kanga mdomoni mwa Kidawa.

"Hatarudi," alimwambia yule mtoto. "Amekufa, mama. Aliyekufa harudi."

Filimbi ililia. Yule mtoto alirudi nyuma hatua moja moja, kisha akakimbia kwao. Watu wakatawanyika bila kusema neno, Makungu akitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu aliyemwekea mwanafunzi wake matumaini.

Bi Mize na Sikitu wakabaki kizingitini. Nyuma yao Paka alikuwa anakoroma, na hakuna aliyeinuka kwenda kumzima. Hatimaye sauti ya Bi Mize, iliyokuwa imekataa kutoka tangu mchana, ikatoka, kavu, na haikuwa ya kunong'ona tena.

"Ungesema kesho," alimwambia Sikitu. "Ilikuwa neno moja tu, Mwalimu. Ungesema kesho."